Miwani aliyoninunulia mume wangu hainionyeshi nyasi

Somo, assalaam aleikum.

Nimekuwa msomaji wa safu yako kwa muda mrefu, na mara nyingi nimewacheka wanaokuandikia kwa mambo madogo. Leo ni zamu yangu, tena kwa jambo la miwani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malindi, nina umri wa miaka 47, na mwanangu mkubwa yuko chuoni. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenivuta kwenye gofu. Nilimwambia ule ni mchezo wa Wazungu na wastaafu wenye magari makubwa, akaniambia njoo utazame tu. Nikaenda kumridhisha, nikanasa. Siku hizi Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakomaa, utanikuta uwanjani na mtandio wangu na suruali pana, pamoja na wanawake wenzangu wachache. Sisi si wachezaji wakubwa, lakini tunacheza kwa dhati, na mashindano madogo madogo tunaingia.

Mume wangu ni nahodha. Anaendesha boti ya kuvua samaki wakubwa, wale sulisuli na nduaro wanaotafutwa na wageni. Bahari aliianza kabla hajanioa.

Mwaka jana nilikwenda kupimwa macho kwa sababu jicho la kulia lilikuwa jekundu kila jioni. Daktari akaniambia kuna kinyama kimeanza kuota upande wa pua. Bado kidogo, hakijafika kwenye mboni, ila nijikinge na jua, upepo na mchanga, na nivae miwani nzuri ya jua kila niwapo nje. Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu. Hakusema kitu. Kumbe alianza kuweka kando bahshishi za wageni, na msimu ulipokuwa unaisha akaja na kisanduku. Ndani mlikuwa na miwani kama ile wanayovaa manahodha: lenzi ya kijivu iliyokolea, kwa nje inameta rangi ya buluu, imepinda hadi kwenye panja, na ni polaraizidi, ile inayofuta mng'ao wa maji. Bei yake naijua kwa kuwa nimeiona dukani. Ni zaidi ya nusu ya mshahara wangu.

Alinivisha mwenyewe, akanipeleka hadi kwenye gati, akaniambia, "Tazama chini." Somo, niliona samaki, niliona mawe, niliona wavu uliochanika umelala chini kabisa, kana kwamba maji yameondolewa. Akacheka kama mtoto. Mimi nililia.

Sasa shida. Miwani hiyo uwanjani hainifai. Nikitazama mbinguni na baharini raha tupu, lakini nikifika kwenye grini, pale penye nyasi fupi na shimo, nyasi zote zinakuwa shuka moja. Kedi, anayenibebea begi la vyuma, ananiambia, "Mama, hapa mpira unakata kushoto," mimi naona tambarare. Chini ya mivinje ndiyo kabisa, mpira uko hatua chache kutoka miguuni nami naupita. Na asubuhi mapema ni giza.

Nikanunua nyingine kwa kijana wa ufuoni, shilingi mia tano, ya rangi ya kahawia. Nikivaa hiyo, nyasi zinasimama. Naona mteremko, naona kivuli cha kila kibonde. Lakini ni miwani ya mia tano. Ilikuwa na kibandiko kilichoandikwa UV400, kikabanduka kwa jasho siku ile ile. Tena imekaa mbali na uso, na kusi likivuma mchanga unaingia kwa pembeni.

Kwa hiyo nimezoea kutoka nyumbani na miwani ya mume wangu usoni, nikifika naegesha gari, naivua, navaa ya mia tano. Nikimaliza kucheza nabadilisha tena. Juzi wifi yangu alikuwa akipita, akaniona. Akainama dirishani, akaniuliza, "Unamficha nini kaka yangu?" Nikacheka, lakini tangu siku hiyo sina raha.

Kuna na hili la tatu. Fundi miwani wa Mombasa alinipima akasema macho yangu sasa yanahitaji miwani ya kusomea, na ya mbali nayo nina upungufu kidogo. Akanishauri nitengenezewe miwani ya jua ya michezo yenye namba zangu, juu ya mbali na chini ya karibu, nisihangaike kubadilisha. Bei aliyonitajia ni sawasawa na pesa tulizoweka kwa karo ya mtoto muhula ujao.

Mwezi ujao tuna shindano. Mume wangu ameomba ruhusa kazini aje kunitazama, na hajawahi kuja hata mara moja. Ameniuliza, "Utavaa ile miwani yangu, sivyo?" Nikajibu, "Inshallah." Wazee wa pale klabuni, kwa upande wao, wananiambia mchezaji gofu wa kweli havai miwani kabisa.

Nivae ipi, Somo? Na nimwambie vipi? Au ninyamaze?

Nifichie jina,
Malindi


SOMO ANAJIBU

Waaleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma, nikairudia kwa ajili ya yule mtu aliyekupeleka gatini. Kabla sijaanza kuandika hapa nilikuwa muuguzi wa macho, kwa hiyo habari ya lenzi na vinyama naijua. Gofu sijawahi kucheza. Mambo ya grini nimemuuliza mpwa wangu anayecheza Mombasa, na amenieleza mpaka nikamwomba anyamaze.

Unaniuliza uvae miwani ipi. Una miwani ghali uliyopewa kwa mapenzi isiyokuonyesha nyasi, una ya mia tano inayokuonyesha nyasi usiyoiamini, na una ya tatu ambayo bado ni karo ya mtoto. Lakini ukiiondoa miwani yote kwenye barua yako, anabaki mwanamke anayeogopa uso wa mumewe utabadilika. Nitakuja huko. Kwanza tutazame hizo lenzi, maana nadhani baadhi ya unayoyaamini juu yake yanakuongezea mzigo bure.

Miwani ya mume wako si mbaya, na macho yako hayakudanganyi. Mwanga wa jua ukipiga juu ya maji tulivu, sehemu kubwa yake inaruka kuja kwako ikiwa imelala upande mmoja, sambamba na uso wa maji. Ndiyo ile inayochoma macho ya mvuvi na kumzuia kuona ndani. Lenzi ya polaraizidi ina utando unaouzuia mwanga uliolala hivyo na kuupitisha ule mwingine. Ndiyo maana uliona wavu chini ya maji. Kwa nahodha hicho ni chombo cha kazi, na mumeo amekununulia kile anachokijua kuwa bora kuliko vyote.

Nyasi ni habari nyingine. Kwenye grini, mng'ao ni habari. Mpwa wangu ananiambia nyasi aina ya bermuda, zinazopandwa kwenye viwanja vingi vya nchi za joto, hulala upande. Ukizitazama kwa kufuata ulalo wake zinameta, ukizitazama kinyume zinakuwa nyeusi nyeusi, na mpira hukimbia zaidi kule kunakometa. Mchezaji anausoma mng'ao huo pamoja na mteremko. Lenzi inayofuta mng'ao inaweza kufuta na maandishi hayo. Ndiyo maana wachezaji wengi hawaipendi polaraizidi uwanjani. Ila wapo wanaoivaa na hawalalamiki. Kwa hiyo sina hakika kama mkosaji wako ni polaraizidi au ni giza tu.

Nasema giza kwa sababu lenzi za jua zina daraja, kuanzia 0 hadi 4. Daraja la 2 hupitisha kati ya asilimia 18 na 43 ya mwanga, la 3 kati ya 8 na 18, na la 4 kati ya 3 na 8 tu. Hilo la mwisho halifai hata kuendeshea gari. Tazama ndani ya mkono wa miwani ya mumeo, huenda namba imeandikwa hapo. Wewe unacheza alfajiri, wakati jua la Malindi ndilo kwanza linachomoza baharini, halafu unaingia chini ya mivinje. Hata daraja la 3, ambalo ndilo la kawaida kwa jua kali, lingekutia kiza saa hiyo. Umewahi kuijaribu grini ile ile saa nne au saa tano, jua likiwa limesimama? Ukiona vizuri saa hizo, basi ugomvi wako na ile miwani ni wa saa moja asubuhi peke yake, na si wa Jumamosi nzima. Jambo hilo ningependa ulijue kabla hujamwambia mtu yeyote kitu chochote.

Tuje kwa kijana wa ufuoni. Hapa watu hukosea pande zote mbili. Wako wanaodhani lenzi nyeusi ndiyo inayokinga, na wako wanaodhani bei ndiyo inayokinga. Miale ya urujuanimno, hiyo UV, haionekani kwa macho, na inazuiwa na malighafi ya lenzi au dawa iliyopakwa juu yake. Rangi haihusiki. Lenzi nyeupe kabisa inaweza kuizuia yote, na lenzi nyeusi tititi inaweza kuipitisha. Hiyo nyeusi isiyokinga ndiyo ya hatari, kwa sababu mboni hupanuka gizani na kuiruhusu miale hiyo isiyoonekana iingie kwa wingi. UV400 maana yake ni kwamba lenzi inazuia miale hadi nanomita 400, ambapo ndipo urujuanimno unapoishia. Kibandiko chenyewe mtu yeyote anaweza kukichapisha. Lakini usiihukumu ya mia tano kwa bei yake. Maduka mengi ya miwani yana kifaa kidogo cha kupimia: lenzi inawekwa, majibu yanatoka papo hapo. Peleka zote mbili. Huenda ya kahawia ikafaulu, huenda isifaulu, na kwa vyovyote utakuwa umetoka kwenye kubahatisha.

Kwamba ya kahawia inasimamisha nyasi, sishangai. Rangi za kahawia, shaba na waridi hupunguza mwanga wa buluu, na buluu ndiyo inayotawanyika na kufifisha mipaka ya vitu. Ikipungua, vivuli vinakolea na mpira mweupe unajitokeza kwenye majani. Kijivu chenyewe hakipendelei rangi yoyote, kinapunguza kila kitu kwa usawa. Baharini hiyo ni sifa. Macho yako yamegundua yenyewe jambo ambalo watengenezaji wa miwani ya gofu wamelifanya kuwa biashara.

Hata ikifaulu kipimo, miwani hiyo ya mia tano ina mambo mawili yanayonitia wasiwasi. Moja umelisema mwenyewe: imekaa mbali na uso. Kinyama chako kiko upande wa pua, na ndiko vinapoota vingi. Wataalamu wanaeleza kwamba mwanga unaoingia kwa pembeni, kutoka upande wa sikio, hupindwa na kioo cha jicho na kukusanyika upande wa pili, palepale karibu na pua. Kwa hiyo wewe pembeni pako panahitaji kufunikwa kuliko mbele. Unacheza karibu na bahari, na kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani povu la mawimbi hurudisha kama asilimia 25 ya urujuanimno, mchanga mkavu wa ufuoni kama asilimia 15, na nyasi chini ya 10. Ongeza upepo wa kusi na mchanga wake. Fremu ya mumeo, iliyopinda hadi kwenye panja, hapo ndipo inapoishinda ya kijana wa ufuoni kwa mbali. Daktari wako angeipenda.

La pili ni mpira wenyewe. Mpira wa gofu una uzito wa hadi gramu 45.93 na upana wa milimita 42.67 hivi, yaani ni mdogo kiasi cha kuingia kwenye tundu la jicho bila kuzuiwa na mifupa. Nilipokuwa kazini nilijifunza kuuogopa kuliko mpira wa kandanda. Ajali hizo ni chache, lakini zikitokea, mara nyingi jicho halirudi. Plastiki rahisi inaweza kupasuka vipande, na kioo pia. Polikaboneti, plastiki ngumu ya lenzi, hupigwa bila kumeguka, na yenyewe kwa asili huzuia karibu UV yote. Uliza zote mbili zimetengenezwa kwa malighafi gani.

Kuhusu pendekezo la fundi wa Mombasa nitakuwa mfupi. Ni fundi anayekujali, lakini sijui kama amewahi kumtazama mtu akipiga mpira wa gofu. Unaposimama juu ya mpira, macho yanatazama chini. Chini ndipo alipopanga kuweka sehemu ya kusomea, na mpira uko umbali ambao sehemu hiyo haikukusudiwa, kwa hiyo utauona umefifia au umehama. Wachezaji wenye lenzi za namna hiyo hulazimika kuinamisha shingo, na wengi huishia kuagiza za mbali tu. Tena fremu iliyopinda sana ikitiwa namba inaweza kupotosha kingo, isipokuwa itengenezwe kwa hesabu maalumu. Muulize hayo. Muulize pia upungufu wako wa mbali ni mdogo kiasi gani, maana bendera na mteremko umekuwa ukiviona vizuri kwa lenzi ya kahawia isiyo na namba yoyote. Kadi ya alama unaweza kuisoma kwa miwani ndogo ya kusomea iliyo mfukoni mwa begi. Yako wewe huandikwa na mwenzako hata hivyo, ingawa na ya mwenzako inakungoja. Kama baada ya majibu hayo bado unaona inafaa, ni pesa zenu na mtoto ni wenu. Karo ina tarehe, na kinyama kidogo kina nafasi ya kusubiri muhula mmoja alimradi jicho limefunikwa na kitu cha kuaminika.

Kuna wanaopendekeza lenzi zinazobadilika rangi zenyewe kwa jua. Kwa Malindi siziharakii. Hupoteza ukolevu kwenye joto kali, na ndani ya gari kioo cha mbele huzuia ile miale inayoziamsha.

Wazee wa klabuni waache waseme. Mwaka 2001 Mmarekani David Duval alishinda The Open, shindano kubwa la gofu, kule Royal Lytham & St Annes, Uingereza, na miwani ya jua iliyozunguka uso ilikuwa alama yake. Hakuna aliyemwambia si mchezaji wa kweli. Lililo kweli katika maneno yao ni kwamba wachezaji wengi, hata wa kulipwa, huvua miwani wakifika kwenye grini na kuivaa tena wakitoka. Hiyo ni njia mojawapo kwako: ya mumeo usoni kuanzia kupiga mpira wa kwanza hadi ukingo wa grini, kisha unaivua. Utakuwa umefunikwa sehemu kubwa ya mchezo. Gharama yake ni kwamba jicho linahitaji muda kidogo kutulia kila unapotoka kizani kuingia mwangani, na grini nazo ziko wazi juani, hivyo kinyama kinapata sehemu yake. Kofia yenye ukingo mpana juu ya mtandio ingesaidia.

Na mtandio wenyewe, kwa kuwa nimeutaja: miwani ya michezo hushika kichwa kwa raba iliyo kwenye mikono yake. Ukiipitisha juu ya kitambaa cha kuteleza itashuka kila ukiinama. Ukiipitisha chini ya kitambaa inabana, na kuivua kwenye grini ni kazi. Wanaocheza na hijabu wengi huchagua kitambaa cha pamba au cha fulana, na mikono ya miwani iliyonyooka inayochomekwa kwa nje. Lijaribu hilo kabla ya shindano, lisikusumbue siku yenyewe mbele ya mgeni wako.

Sasa mgeni wako.

Unaamini ukimwambia atavunjika moyo. Huenda. Mtu aliyeweka bahshishi kando kwa miezi, kisha akasikia kwamba kijana wa ufuoni amemshinda kwa mia tano, ana haki ya kununa siku mbili. Lakini wewe unamjua kama mume, nami nataka umfikirie kidogo kama nahodha. Huyu ni mtu anayebadilisha chambo kulingana na maji. Anajua mto Sabaki ukijaa na kuitia bahari rangi ya udongo, hata miwani yake haimwonyeshi chini. Sidhani ni mtu asiyeweza kuelewa kwamba lenzi ina mahali pake. Yeye mwenyewe huvaa ile ile anapotoka bandarini gizani? Muulize, bila hila. Jibu lake linaweza kukufungulia mlango usioutarajia.

Ukiamua kusema, unaweza kusema kwa njia aliyotumia yeye. Alikuvisha akakuambia tazama chini. Mchukue uwanjani jioni moja kabla ya shindano, mkiwa wawili, mvishe ya kwake atazame grini, halafu mvishe ya kahawia. Usimweleze kitu. Hatari yake ni kwamba anaweza kunyamaza, na kunyamaza kwa mwanamume wa pwani mwanamke hukusoma kwa tafsiri mia. Mwache anyamaze. Hatari nyingine ni kwamba atasema, "Basi niuze hii," nawe hutaki iuzwe. Kwa hiyo jua mapema unataka nini: ungependa iwe ya safari za boti, ya ufuoni, ya kuendeshea gari kama si daraja la 4? Kwa hayo yote ni bora kuliko chochote utakachopata. Mwambie hivyo kwa kuwa ni kweli, na si kwa kumfariji.

Kuna jambo moja ambalo hukulitaja na fundi hakulitaja. Fremu nyingi za aina hiyo hukubali lenzi kubadilishwa. Ukipata lenzi za polikaboneti za kahawia zisizo polaraizidi zinazoingia kwenye fremu ile, utabaki na pembeni palipofunikwa, utaona nyasi, na usoni utakuwa umevaa alichokununulia. Huenda fremu yako haibadilishiki. Huenda lenzi za kuingia hazipatikani hapa. Na ule umeto wa buluu hautakuwepo, nahodha atauona haupo kabla hujashuka garini. Kwa hiyo hilo halifanyiki kwa siri. Kama litafanyika, yeye ndiye wa kwenda na wewe kwa fundi, pengine hata kuzibadilisha kwa mikono yake, maana watu wa boti hawashindwi na bisibisi ndogo.

Na kunyamaza? Umeniuliza, sitaruka. Unaweza kuvaa miwani yake siku ya shindano, ukapoteza mipigo kadhaa kwenye grini, ukamfurahisha mtu aliyeomba ruhusa kazini kuja kukutazama. Wako watakaokuambia huo ni uongo. Mimi naona mtu anaweza kuichagua siku moja hivyo kwa moyo wake wote. Ninachojiuliza ni kama moyo wako uko hapo. Barua yako inaonyesha mtu anayetaka kucheza vizuri mbele ya mumewe, aone kwa nini Jumamosi hupatikani nyumbani. Ukisukuma mpira ukapita shimo mara kwa mara kwa sababu huoni mteremko, yeye ataona nini? Na baada ya siku hiyo, Jumamosi inayofuata, utarudi tena kubadilisha miwani garini?

Kabla ya yote hayo rudi kwa daktari wa macho akupime kinyama kimesogea au la. Miwani haikiondoi, inapunguza kinachokichochea. Vingine hukaa miaka mingi bila kwenda popote, vingine hufika kwenye mboni na kuhitaji upasuaji, na hata baada ya upasuaji huweza kurudi. Ukijua chako kiko wapi utajua una haraka kiasi gani. Miwani yoyote utakayobaki nayo isuuze kwa maji baridi ukitoka uwanjani kabla ya kuifuta, maana chumvi na mchanga vikisuguliwa kwa ncha ya mtandio vinakwaruza lenzi, na usiiache garini juani.

Amebaki wifi. Yeye ameona mtu akibadilisha miwani kwenye gari lililoegeshwa, na kwa kichwa cha wifi hiyo ni hadithi nzima. Siku zinavyokwenda hadithi hiyo itafika kwa kaka yake kwa maneno ya wifi badala ya yako. Akiinama tena dirishani, mpe zote mbili azijaribu, umuulize anaona nini.

Somo